Ndege ya Vitofali Niliyoijaribu Sokoni

Lubumbashi hatununui kitu kabla ya kukijaribu. Muuza balbu ana soketi yake pembeni ya meza. Anachomeka balbu mbele ya macho yako, inawaka, ndipo unalipa. Redio huimba kwanza. Kalamu unaichorea kiganjani. Nimewahi kumwona mama mmoja akiomba maji kwa mwenye meza ya jirani, akajaza beseni la plastiki na kuliinua juu ili aone kama linavuja, na muuzaji wala hakukasirika. Sababu inajulikana: kitu kikishavuka meza, hakirudi.

Nasema hivyo ili nieleweke kwa nini mimi, mtu wa miaka arobaini na kitu, niliketi sokoni asubuhi nzima nikiunda ndege ya mtoto.

Mimi ni mtu wa njia. Nikikaa sana mahali, miguu inaniwasha. Nachukua samaki wakavu Kilwa ya ziwa Mweru, nashuka na vitenge kutoka Sakania mpakani, na katikati ya safari hizo binti yangu wa miaka tisa anakaa kwa dada yangu mkubwa huko Kasungami, pembezoni mwa mji, tangu mama yake alipofariki. Kila nikirudi namletea kitu. Mwanasesere wa Sakania aliongea mpaka kwenye kona ya barabara yetu, akanyamaza moja kwa moja. Kinanda kidogo kilitoa sauti moja kwa vitufe vyote. Mtumbwi wa kuchonga wa Kilwa, mzuri ajabu, ulipasuka katikati kiangazi kilipoukausha. Dada yangu akaanza kuniita Papa Byakufa, yaani baba wa vitu vilivyokufa, na jina likanishika.

Safari hii alinisubiri mlangoni kabla sijatua mfuko.

"Unaniletea nini ya kumupa huyu mutoto?"

"Bado, yaya," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Kesho nitaenda ku soko."

"Sikia vizuri. Kila mara anaenda kusema ku masomo: papa yangu ataleta. Benzake banamuuliza iko wapi, anakuya kulia hapa. Ukileta tena kintu ya kufa, hataongea tena juu yako. Mi namujua."

Hakuwa anatania. Binti yangu alikuwa nyuma yake, akanishika mkono, akaangalia mfuko wangu, kisha akaangalia pembeni haraka ili nisione kwamba ameangalia. Hilo ndilo lililonipeleka sokoni asubuhi.

Boksi lilikuwa dogo, kama miche miwili ya sabuni ukiiweka pamoja. Juu yake palichorwa ndege nyekundu yenye propela ya njano, ikiruka juu ya milima myeupe. Bei yake haikufika ya kuku. Muuzaji alikuwa mama wa watu wa Kasai, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Mama, fungua tujaribu," nikamwambia.

"Tujaribu nini, papa? Hii haina hata piles za kuiwasha."

"Tuone kama iko ndeke kweli."

Ndeke ndiyo ndege kwetu. Mama akafungua boksi, akapasua vifuko, na juu ya meza vikamwagika vitofali vya plastiki, vyekundu, vya njano, vya kijivu, vidogo kama punje za mahindi. Muuza chaja wa meza ya pili akanyoosha shingo.

"Mama, ndeke yako ilisha kwanguka. Papa, tafuta kwanza bantu benye kuwa mu ndani."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliviona vitofali vile nikamwona binti yangu akiangalia pembeni.

"Hizi ni vipande, piyesi tu," nikasema. "Na kama moja inakosa?"

Mama akavaa miwani, akanisukumia kigoda. "Karatasi ya kujenga ni hii. Ukae, ujenge hapa hapa. Ikikosa, unaniachia ndeke yangu, unaenda na feza yako."

Karatasi haikuwa na neno hata moja, michoro tu, midogo mpaka nikaazima miwani ya mama. Na nikiri kwamba baada ya dakika chache nilisahau niko wapi. Utotoni tulitengeneza ndege zetu kwa nyaya za shaba tulizomenya kwenye kebo kuukuu. Magurudumu ni vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu, propela ni bati tulilokata kwa mkasi wa shangazi bila ruhusa. Ulikimbia nayo kuukabili upepo wa mwezi wa nane, bati likalia, ukaamini unaenda Ulaya. Vidole vyangu havikuwa vimefanya kazi ndogo namna ile tangu wakati huo.

Vitofali, niseme haki, vilishikana vizuri. Ukikandamiza unasikia "ta", kimekaa. Wekundu wake haulingani sana, bawa moja limepauka kidogo kuliko lingine, lakini hakuna kilicholegea. Kosa lilikuwa langu.

"Mukia inaangalia mbele, papa," alisema muuza chaja, aliyekwisha kuacha meza yake. "Hiyo itaruka kinyumenyume."

Nikabandua, nikageuza. Ilipofika zamu ya propela, haikuwepo. Tukainua karatasi, tukainua boksi, tukatazama chini ya meza. Mama alitazama vifuko vilivyopasuliwa. Niliona tayari anahesabu hasara ya boksi lililofunguliwa. Kisha akasimama ili ajikung'ute, na propela ikadondoka kutoka kwenye mkunjo wa kitenge chake. Niliichomeka, nikaipuliza, ikazunguka mpaka haionekani. Watu waliosimama pale wakapiga makofi kama abiria waliotua salama. Kilibaki kitofali kimoja kinachopitisha mwanga, tukakubaliana na mama kwamba ni cha ziada, nikakitia mfukoni.

Maboksi mawili mengine yaliuzwa papo hapo. Wanunuzi wote wawili wakataka yajaribiwe.

"Papa, usiende," mama alisema. "Ukuwe makanika yangu."

Lakini mimi nilikuwa na haraka. Nilipanda pikipiki mpaka Kasungami, mkono mmoja umemshika dereva, mwingine umeinua ndege, na upepo wa kiangazi ukaizungusha propela njia nzima. Watoto walikimbia nyuma yetu kwenye vumbi. Sijawahi kurudi nyumbani namna hiyo, na safari nimefanya nyingi.

Binti yangu aliipokea kwa mikono miwili. Akazungusha propela, akatabasamu. Akalichukua boksi, akakuta karatasi na vifuko vitupu. Akaangalia michoro ya vitofali kwenye karatasi, kisha ndege, kisha mimi.

"Papa, nani alijenga?"

"Mimi. Yote. Niliijaribu ku soko, iko muzima kabisa."

"Sasa mi nitajenga nini?"

Dada yangu alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, kwenye mbabula ya makaa. Hakuinua hata kichwa.

"Byakufa amekula ndizi kule kule," alisema. "Ameletea mutoto maganda."

Nilikuwa nimehakikisha kila kitu isipokuwa hicho. Kitu kizima, kisicho na kasoro, na bado nilikuwa nimekiua kabla hakijafika. Nikajiona nikifunga mfuko wangu kesho yake mtoto akiwa kimya.

Lakini yeye akatandika mkeka, akaketi, akaikamata propela kwa meno, ikatoka. Kisha bawa. Kisha mkia.

"Unaiua!" nikasema.

"Hapana, Papa. Naifungua."

Alivimwaga vitofali kwenye kifuniko cha sufuria, akaikunjua karatasi, akazikanyaga pembe zake kwa vidole vya miguu ili isipeperuke. Nilinyoosha mkono kumwonyesha cha kwanza, akaupiga kofi.

"Ukae tu. Usishike."

Nikakaa, nikaikalia mikono yangu. Alijenga polepole kuliko mimi, lakini hakubandua hata mara moja. Akiwa karibu na mwisho alisimama, akatafuta kitu kifunikoni, akaweka kidole kwenye mchoro.

"Dirisha iko wapi?"

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kile kitofali cha ziada.

"Ah," alisema, akakipachika. "Rubani yako alikuwa anaona na nini?"

Dada yangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Ndege ikakamilika, yake, yenye dirisha. Alitoka nayo mbio, akazunguka uani akiukabili upepo, propela ikizunguka, na kwenye zamu ya tatu kanga yake ikamnasa mguu. Aliinuka haraka. Ndege haikuinuka. Ilikuwa vipande kwenye udongo mwekundu. Dada yangu akaniangalia kwa yale macho ninayoyajua tangu siku ya mwanasesere.

Binti yangu akachuchumaa. Akaokota kitofali kimoja, akakipuliza vumbi, akakiweka kwenye kiganja. Akaokota cha pili.

"Yaya, ile karatasi," alimwambia shangazi yake, kwa sababu humwita kama ninavyomwita mimi. "Hii haiwezi kufa. Inafunguka tu."

Na dada yangu, mwenye unga mpaka viwiko, akainama kutafuta vitofali kwenye vumbi. Alipokipata cha mwisho akanitupia nikidake.

"Leo umeleta kintu," alisema.

Tangu siku hiyo ndege ile imekuwa nyumba, mamba, mashua na mara nyingi ndege. Kwa wanaotaka kujua kama inafaa: vibandiko vyake vinabanduka juma la kwanza, magurudumu yanazunguka yakitaka, na usiwape watoto wanaotia kila kitu mdomoni. Mengine yote ni mazuri. Jirani zetu walileta watoto wao waione, na binti yangu aliwafungulia na kuwajengea tena mbele yao. Alienda nayo mpaka shuleni, ikiwa vipande ndani ya soksi, akaijengea huko.

Kabla ya safari yangu ya Sakania alinituma boksi lingine, lenye picha ya helikopta, akanionya kwa kidole nisilifungue. Nikarudi kwenye meza ya mama wa Kasai. Aliponiona akasogeza kigoda, akaanza kupasua karatasi ya boksi. Nikamshika mkono.

"Acha, mama. Nachukua hivi hivi."

"Haujaribu?"

"Sijaribu."

Mama akaivua miwani yake ili anione vizuri. Muuza chaja akaacha mteja wake katikati ya bei.

"Mama, umupe papa maji," alisema. "Leo hayuko muzima."

Nililipa. Boksi likavuka meza likiwa limefungwa, nami nikapita katikati ya soko nikilitikisa karibu na sikio njia yote mpaka barabarani.