Matundu Madogo ya Sadiki

Mume wangu Sadiki hajui kutulia. Saratani ya kongosho waliitoa Dar kwa matundu madogo tumboni, na aliporudi kijijini Marambo alipandisha shati kumwonyesha makovu kila aliyekuja kumpa pole. Sasa watu wanamwona mzima, wanamwita akapulizie mikorosho dawa ya salfa. Bundala, mfugaji wa Nandagala aliyelazwa naye kwa ugonjwa huohuo, alipasuliwa tumbo zima; kwao hagusishwi hata ndoo.

Leo nimemkuta ameshabeba bomba la kupulizia mgongoni, nikasimama mlangoni.

“Baba Yasmini, daktari alisema wewe na Bundala huko ndani mmekatwa sawa. Weka hilo bomba, ukae.”

Akaliweka. Hakukaa.

“Nikikaa, Mama Yasmini, naanza kuusikilizia ugonjwa kama unarudi.”