Siku Kigimbi Kiliponipeleka Kuposa

Mtanicheka, na mna haki, maana hata mie nikikumbuka najifunika shuka uso peke yangu chumbani. Mbagala nzima ilishaisikia hii, lakini afadhali muipate kwa mwenyewe, kwa sababu wanaoisimulia vibarazani wameongeza chumvi mpaka kuna anayeapa kwamba siku ile nilivaa kanzu mpya na koti (nilivaa kaptula ya mtumba, tena ya kuazima).

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila dirisha limegeuka duka, na mie ni fundi redio ninayefanyia kazi barazani kwangu, kwa hiyo safari yangu kubwa ya siku ilikuwa kutoka kitini hadi msikitini na kurudi kitini. Mtu wa nyumbani, sigara mdomoni, kahawa pembeni. Basi ikaanza hali: nikitembea kidogo, kigimbi cha mguu wa kulia kinakaza kama kimefungwa kamba, nikisimama kinaachia, naendelea kama si mie. Mwenye akili zake angesema naumwa mguu. Mie nikaona aibu, mwanamume mzima nasimamaje njiani nimeshika mguu? Siku ya kwanza kiliponikaba nilikuwa njiani kwenda msikitini, mbele ya nyumba ya Bi Saumu, basi nikajifanya nimesimama kusalimia.

"Bi Saumu, hujambo huko ndani? Watoto hawajambo? Na kuku je?"

Ndiyo, niliulizia na kuku, kwa sababu mguu ulikuwa bado haujaachia.

Sasa mguu wangu haukuwa na ubunifu, kila siku unakaza palepale, na mie kila siku nasalimia palepale, naye anaitikia kutoka ndani. Tatizo ni kwamba Bi Saumu alikuwa mjane, na nilipoanza kusalimia alikuwa kwenye eda. Eda ikaisha, mie bado nasalimia. Watu wakajumlisha hesabu zao. Kaka yake, Bwana Shomari, akaanza kuniita shemeji, nikadhani utani, nikawa naitikia! Mke wangu, Mama Zuhura, akaanza kunipunguzia sukari kwenye chai siku hadi siku mpaka nikawa nakunywa maji ya moto yenye rangi.

Hapo ndipo walipokuja watafiti kutoka hospitali moja ya mjini, wakapiga kambi kwenye zahanati ya mtaa wetu, wanatafuta watu ambao miguu inawauma wakitembea na inaacha wakisimama. Nikamwambia Mama Zuhura, jamani, mbona hawa wananitafuta mie?

"Twende wote," akasema. "Leo tutajua huo mguu unaumia nyumbani kwa nani."

Daktari Neema, binti mcheshi wa kutoka Moshi, akanifunga mpira wa presha mkononi, halafu akaufunga kifundoni (sijawahi kuona), akagusisha kidude chenye spika, fundi nikainua kichwa. Mkononi damu ilivuma vizuri, shwaa, shwaa. Mguuni ikawa kama bomba letu la mtaani, tone kwa tone.

"Baba, mishipa inayopeleka damu mguuni imeanza kuziba. Unavuta sigara?"

"Kidogo tu."

"Anawashia moja kwa nyingine," akajibu Mama Zuhura.

Daktari akaeleza kwamba wanatafuta chanzo, sigara, sukari, presha au nini, na wanataka kujua kama kutembea kila siku, ukiumia upumzike kisha uendelee, kunaifungulia damu njia nyingine. Tena ukipuuza, kidonda kidogo cha kidole kinaweza kugoma kupona na mguu ukakatwa. Hapo utani ukanitoka. Nilitaka waniandike kwenye utafiti wao.

"Lakini lazima nione unaumia wapi. Pita njia yako ya kila siku, kikikaza usimame uniambie."

"Njia yake mie naijua," akasema mke wangu, na sauti ile niliijua.

Tukatoka. Mie mbele, daktari na saa yake, nesi na mkoba, Mama Zuhura kajitanda khanga mpya, nyuma majirani wasio na kazi. Nikajiapia, leo kwa Bi Saumu napita kama upepo. Kigimbi kikakaza, nikalazimisha, kikakaza zaidi, nikalazimisha, mguu ukagoma kabisa, nikaanguka kwenye baraza ya Bi Saumu, magoti chini, mikono mbele, kama muombaji.

Bwana Shomari alikuwa amekaa palepale. Akaniangalia, akauangalia msafara, akasimama na kukaza msuli aliojifunga kiunoni.

"Karibuni jamani! Shemeji, hata taarifa hukutuma? Saumu, leta mkeka, wamekuja!"

Daktari Neema akavua viatu, akakaa, akashukuru kwa ukarimu wa watu wa Pwani.

"Msemaji wenu nani?" akauliza Bwana Shomari.

"Ni mimi. Huyu mzee ni wangu, nitamfuatilia mwaka mzima."

"Mwaka mzima? Sie mambo haya hatucheleweshi. Tena mke mkubwa kaja mwenyewe! Huu ndio uungwana."

Mama Zuhura akakaa taratibu. "Endeleeni tu, nasikiliza."

Nikafungua mdomo, ikatoka "aah" ya maumivu, na Bwana Shomari akaipokea kama aibu ya mchumba. Ndipo Bi Saumu akasema nyuma ya pazia:

"Kaka, usinitie aibu. Huyu namwonaga dirishani kila siku, anasalimia huku kakunja uso, anajipapasa mguu. Mwanamume hafiki msikitini bila kituo, nimpeleke wapi? Nimezika mmoja juzi tu!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Zuhura, akacheka mpaka khanga ikamdondoka, na mtaa mzima ukapokea. Bwana Shomari akaukunja mkeka mwenyewe. Daktari Neema, alipoeleweshwa, akafuta machozi ya kicheko, akauliza pazia kama kweli nasimama hapo kila siku, pazia likasema kila siku, nikaandikwa. Shahidi wa mguu wangu akawa mchumba aliyenikataa bila kuposwa.

Tangu siku hiyo nimeapa, nikiumwa nasema naumwa, kuku wa watu siwaulizii tena. Sigara niliacha kwa mateso, na kutembea natembea, Mama Zuhura ubavuni. Mwanzoni kila tukifika pale nilikuwa natangaza, "Mguu!" na Bi Saumu anaitikia, "Pumzika upite!" Lakini dawa ya daktari imefanya kazi, kigimbi kimesogea, siku hizi kinakazia mbele kabisa, kwenye bucha, na mwenye bucha ana ndevu hadi kifuani.

Sukari imerudi kwenye chai.