Gogo la Wawili

Baba yangu alikuwa mchinjaji, na anayekwambia mchinjaji ni mtu katili hajawahi kumwona Baba akiwa na ng'ombe. Ukatili wake aliwawekea binadamu. Baba alimpapasa ng'ombe shingo, akamnong'oneza, akamgeuza kichwa asione kisu, na kabla mnyama hajajua kimempata nini, damu ilikuwa imeshafika kwenye mfereji. Ndiyo maana watu walimwita Pigo Moja. Lakini hebu pishana naye maneno! Nimemwona akimvunja dalali wa ngozi meno mawili kwa kumwita mwongo mbele yangu, kisha akaniinamia na kuniuliza kama nina kiu.

Mdogo wake, Baba Mdogo, alikuwa mchunaji. Mmoja akichinja, mwingine akichuna, miaka ishirini na sita kwenye ukumbi mmoja wa machinjio ya jiji. Walipigana tangu utotoni, maana Babu aliwalea kwa mkanda, nao wakadhani ndivyo watu wa nyumba moja wanavyozungumza. Kovu la Baba juu ya jicho alilitia Baba Mdogo. Sikio la kushoto la Baba Mdogo halisikii, na hiyo ni kazi ya Baba. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na Mama aliwatii wahenga kwa namna yake: ngumi zikianza, alibeba beseni la nguo akaenda kufua.

Babu alipokufa hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha gogo lake la kukatia nyama, la mti mgumu, lenye kimo cha kiuno, limechimbika katikati kwa makali ya miaka arobaini. Alisema ni la wawili, na asilitoe mmoja bila mwenzake. Basi wakalitumia pamoja, huyu upande huu, huyu upande ule. Kwa ninavyowajua, ni kitu pekee ambacho hawakuwahi kukipigania.

Kisha jiji likafunga machinjio. Wachinjaji na wachunaji thelathini na wanane waliambiwa kazi imehamia kwenye kiwanda cha mashine nje ya mji, na kwamba mashine hazihitaji watu. Jengo likapakwa chokaa, likatiwa vioo, na meya akasimama pale ilipokuwa ikining'inia mizoga akatangaza kuwa sasa ni nyumba ya wasanii. Wangekuja kutoka nchi mbalimbali, wakae miezi sita sita, wafanye kazi zao na kuufundisha mji wetu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, na watu wa maofisini wakapiga makofi. Wachinjaji walikuwa nje ya geti, mikono mifukoni.

Baba peke yake ndiye aliyeajiriwa. Alijua kila bomba na kila mfereji, wakamfanya mlinzi na msimamizi wa jengo. Mimi nikapewa usafi wa vyumba. Asubuhi ya kwanza tulimkuta Baba Mdogo getini.

"Kaka, sisi tumetupwa, wewe unawafungulia mlango?"

"Ulitaka nikatae ili iweje? Tufe njaa wote kwa heshima?"

"Ndiyo. Wote."

Akampiga kichwa cha pua. Baba akamkaba koo akambamiza getini mara tatu, bawaba zikalia. Niliwamwagia ndoo ya maji machafu, wakaachana wakihema. Baba aliingia kazini na damu kwenye sare mpya, na mpiga picha mmoja mgeni akainua kamera. Baba alimtazama tu, kamera ikashuka yenyewe. Baba Mdogo alituma salamu kupitia jirani kwamba hana kaka tena.

Toka hapo tulikula mawe. Yaliruka ukuta mchana kweupe, vioo vikavunjika, mchoraji mmoja akapasuliwa kichwa na kurudi kwao na nyuzi saba. Baba alimkamata mmoja wa warushaji, mtu aliyechinja naye miaka kumi, akamvunja mkono kama anavyovunja kuni. Alirudi kibandani kwake akakaa bila kula.

Na mimi nitasema ukweli hata ukiniunguza: pale mahali palikuwa pazuri. Jumamosi milango ilifunguliwa, wanawake wa sokoni wakajifunza kutia vitambaa rangi, mafundi wa gereji wakafundishwa tarumbeta na mzee mmoja mgeni aliyevuta sigara hadi kwenye mapumziko ya wimbo. Mji wetu ulikuwa haujawahi kuulizwa unapenda nini. Nilipenda, na niliona aibu kupenda, kwa sababu Baba Mdogo alikuwa anabeba saruji kwa siku mahali fulani na mgongo wake ulishaisha.

Baba alishibana na mchongaji mmoja, mwanamke wa makamo kutoka mbali, tuliyemwita Mama Patasi. Alijua Kiswahili cha maneno arobaini hivi, na nusu yake aliitumia kugombana na Baba juu ya sukari kwenye chai. Baba alimheshimu kwa jambo moja: alinoa vyuma vyake mwenyewe. Siku moja aliomba mti mgumu wa zamani. Baba akampeleka stoo, akamwonyesha gogo la Babu, lililobaki humo tangu machinjio yafungwe. Mama Patasi akaingiza kiganja kwenye lile shimo, akalia.

"Mchonge mzee wangu humo," Baba alimwambia. "Mdogo wangu akimwona, atarudi."

Nilimvuta pembeni. "Baba, umemuuliza Baba Mdogo?"

"Nimuulize vipi mtu asiyeongea nami? Ataliona likiwa tayari."

"Babu alisema ni la wawili."

"Kwani nimemfanyia nani? Si kwa ajili ya huyo wa pili?"

Nikachukua ndoo yangu nikarudi kudeki. Nilipaswa kumbishia, na mpaka leo najilaumu. Alikaa miezi miwili akimweleza Mama Patasi mdomo wa Babu, nyusi za Babu, akimshika mkono pale anapokosea. Sijawahi kumwona akiwa na furaha vile. Kadi ya mwaliko aliipigia pasi, ndiyo, pasi, kisha akanituma kwa Baba Mdogo. Baba Mdogo aliipokea akaitia mfukoni. Kumbe alikuwa ameshaambiwa na mtu mwingine kwamba gogo la Babu limechanwa na mgeni.

Siku ya maonyesho, saa tisa alasiri, Mama Patasi alivuta kitambaa. Babu alikuwa anachomoza kwenye lile shimo, mkali vilevile, nami nikarudi nyuma hatua moja. Watu walikuwa bado wanapiga makofi vioo vya mlango vilipopasuka. Baba Mdogo aliingia na shoka, na wachinjaji watano nyuma yake na marungu. Viti vilipinduka, meya alitorokea dirishani, mzee wa tarumbeta akapigwa rungu la uso akaanguka akitema meno. Mama Patasi alilikumbatia gogo.

Baba alisimama mbele yake. "Mdogo wangu, tazama kwanza! Ni mzee!"

"Mzee mmempasua!"

Hakutazama. Laiti angetazama. Aliinua shoka kwa mikono miwili akalishusha, Baba akanyoosha mkono kulizuia, na mkono wa kulia wa Pigo Moja ukaanguka sakafuni kutoka kwenye kifundo. Damu ilinirukia mdomoni.

Baba Mdogo alitupa shoka. Alivua mkanda, akamfunga Baba juu ya kiwiko, akaingiza vidole kwenye jeraha akaubana mshipa, maana mchunaji anajua mshipa ulipo. Akambeba mgongoni akakimbia naye hadi hospitali huku akipiga mayowe kwamba watu wapishe, nami nyuma yao na mkono umeviringishwa kwenye kile kitambaa. Madaktari waliutazama, wakatikisa kichwa.

Jioni ile polisi alikuja na daftari. Baba alikuwa ameshonwa, uso wa majivu.

"Walivamia wengi," alisema. "Sikumwona aliyekata. Huyu mdogo wangu ndiye aliyeniokoa."

Polisi akanigeukia. "Na wewe, binti?"

"Sikuona," nikasema, na sauti haikutetemeka.

Akafunga daftari. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Andika," Baba Mdogo alisema kutoka ukutani. "Ni mimi."

"Nyamaza!" Baba alifoka.

"Nimemkata mimi. Kaka yangu wa tumbo moja. Kwa shoka."

Baba aliinuka kitandani, mpira wa maji ukachomoka, akamrushia ngumi kwa nguvu zake zote. Ilikuwa ngumi ya mkono wa kulia. Haikufika, akaanguka kifuani kwa mdogo wake na wote wawili wakawa wanalia kama waliofiwa, polisi anasubiri.

Walimfunga miaka saba. Mkono, Baba aliusamehe siku ileile. Kule kukiri hajakusamehe mpaka leo. Kila Jumapili ya ziara namfunga vifungo vya shati, twende gerezani, na tukifika anamtukana mdogo wake kupitia wavu, kwa sauti, bila kupumzika, mpaka askari anatuambia muda umekwisha. Baba Mdogo humuuliza kama atakuja tena wiki ijayo. Baba humwambia atakuja, hajamaliza.