Tuliposikiliza Maikrofoni Tukitazama Ukuta

Mwenye studio mmoja wa Area 18, Lilongwe, aliizawadia kwaya yetu ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka maikrofoni moja. Alituazima mbili kwa siku moja tuchague. Moja ilikuwa kubwa, inang'aa. Nyingine ndogo, imejaa mikwaruzo. Karibu wote walishaichagua kubwa kwa macho.

Nikawaomba wanakwaya wageukie ukuta. Niliwaeleza kwamba macho huyadanganya masikio, kwa hiyo tusikilize bila kuona. Nilimrekodi dada anayetuongozea nyimbo, ubeti uleule kwa kila maikrofoni, mdomo ukiwa umbali wa kiganja, kisha nikawasikilizisha.

Ya kwanza ilinasa kila kitu: pumzi yake, mashine ya kusaga mahindi ya jirani, hata kuku aliyekuwa juu ya mabati. Ya pili ilimsikia yeye tu.

Dada akaruka. "Ya pili! Ile njo mi, njo sauti yangu!"

"Lakini ile kuku inaimba muzuri kukupita!" mwimbaji wa besi akamtania.

Walipogeuka na kuiona ile ndogo mkononi mwangu, walishangilia. Niliifungasha kubwa haraka, nikawaambia wajipange. Tungeanza kurekodi saa ileile.