Mawe Katika Wali wa Bi Kazija

Dativa alishuka mashuani Songo Mnara, kanga imelowa hadi magotini, akapanda kijijini taratibu. Kwa mwaka wa nne alikuwa akiwafuatilia wazee waliochomwa jichoni sindano ya majaribio, dawa iliyotarajiwa kuzuia macho ya uzeeni yasizidi kufifia. Wakubwa wake walitaka kujua kama haimdhuru mtu baadaye. Zamani alifuatana na daktari mwenye vipimo. Fedha zilipopungua, akabaki na maswali peke yake. Alikuwa amechoka kutembea, amechoka na kuuliza.

Bi Kazija alimpokea kwa utani wake wa kila mwaka. "Unakuja kunitazama mimi macho, mwanangu. Wa kukutazama wewe bado hajapatikana?"

Dativa alitabasamu, akauliza hali ya jicho la kulia, lile lililochomwa.

"Halijambo, alhamdulillahi."

Miaka yote alijibu hivyo. Kwa jibu hilo, wiki ijayo angepelekwa Lindi achomwe na la kushoto.

Chakula kikaletwa. Mchele wa Bi Kazija ulisifika kisiwani kwa kuchambuliwa vizuri. Dativa alitafuna jiwe, akameza. Mgeni hakosoi chakula. Akatafuna la pili. La tatu lilipogonga jino, mkono ulibaki sahanini.

"Bibi, nisamehe. Wali una mawe."

Vidole vya Bi Kazija vilipapasa ukingo wa mkeka.

"Tangu mwaka juzi jicho hili lina giza katikati," alisema. "Nikikutazama, naona masikio tu. Na hili la kushoto nalo linachoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Mtu avuke maji kuja kunijulia hali, nimpe lawama? Na dawa yenyewe ya bure, siku hizi hospitalini hata bandeji tunanunua."

Dativa alimweleza kwamba la kushoto halitachomwa, na kwamba atawaambia wakubwa wake kuhusu la kulia. Kama la kulia lingepona, hakujua, na alimwambia hivyo pia. Bi Kazija aliitikia kwa kichwa.

"Basi kula, mwanangu. Lakini polepole."

Nyumba ya pili, Bi Amina naye alijibu kuwa macho hayajambo. Siku nyingine Dativa angeaga. Sasa aliegemea ukuta, miguu ikimuuma, akaomba aletewe ungo na mchele, wachambue pamoja.