Pikapu Iliyokula Hewa ya Wizi

Niliona mwenyewe, na macho haya yanayohesabu samaki sambaza chini ya ziwa Kivu nikiwa Kamembe. Karibu na mpaka wa Rusizi, pikapu ya zamani ya maman mmoja, imejaa tomate za kuuza Bukavu, ilitetemeka mpaka milima ikasogea. Akitoa mguu kwenye pedali ya gaz, moteri inazimika.

Fundi mmoja wa pale akafunika mdomo wa karbireta na kiganja. Moteri ikaacha kutetemeka, ikanguruma sawasawa.

“Maman, inavuta hewa ya wizi. Tiyo, huu mpira wa hewa, imepasuka; hewa inaingilia pale.”

“Na bafundi batatu balizungusha vis, hizi skrubu za karbireta, tu! Funga, papa. Hii tomate haifiki kesho.”

Akafunga tiyo na mpira wa baiskeli. Ikawaka, ikavuka mpaka, maman anapiga honi.

Sawa. Ile ya kuwaka na kuvuka nimeongeza mimi. Nilimuacha maman pale pale, pikapu imezimika, anapangusa tomate moja moja, kama vile kupangusa kunazuia kuoza.