Mfereji Nilioufukia Kiangazi

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka, ingawa siku yenyewe sikucheka. Nilikuwa nimesimama uani kwenye nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha, juu kidogo ya Himo, maji yamenifika magotini, na viatu vya mpangaji wangu vinanipita vikielekea barabarani.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, mbishi wa kila kitu. Mtu akiniambia jua limechomoza, namuuliza amejuaje. Nilipopata kiwanja nilikagua hati, nikaenda ofisi ya ardhi kuhakikisha jina la muuzaji, nikapima mipaka mara mbili. Hayo nilifanya vizuri, nawe uyafanye. Kosa langu ni kwamba maswali yangu yote niliyapeleka kwenye karatasi.

Katikati ya kiwanja ulipita mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia migomba na kahawa. Ilikuwa Februari, umekauka, umejaa majani. Jirani yangu wa upande wa juu, Meku Ndesario (meku ndivyo tunavyowaita wazee huku), akanikuta na vibarua tukiufukia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akasema mfereji ule walichimba babu zake na watu bado wana zamu zao za maji. Nikamjibu kwamba kwenye ramani haupo. Akanitazama, akawatazama vibarua, akaenda zake. Mimi nikajiona nimeshinda.

Nikajenga vyumba vinne. Cha kwanza akaingia Mwalimu Anjela, mgeni kutoka Singida. Hakumaliza mwezi, masika yakaanza. Maji yakashuka kutoka mlimani kwa njia yao ya siku zote, yakakuta chumba cha mwalimu, yakaingia bila kupiga hodi. Alitoa godoro nje, akaniambia kwa upole, "Dada, nyumba ni nzuri. Ila mimi sikupanga mtoni."

Jioni ile nikasikia kwamba wenye mfereji wanaitisha kikao, na wapo wanaotaka chumba kile kivunjwe. Nikamkimbilia mama. Hakunigombeza. Alikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, akalifunga fundo, akanipa pamoja na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwetu, ukimpelekea mtu sale umekiri kosa, na anayeletewa hawezi kukataa kukusamehe. Nilimuuliza mama jani litasaidia nini kwenye jambo la kisheria. Akasema niende kwanza, maswali nirudi nayo.

Meku alilipokea jani kwa mikono miwili, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Chuoni wamekufundisha kusoma ramani, binti. Sasa twende nikuoneshe maji."

Tukatembea kwenye mvua, yeye na mwavuli, mimi bila. Akanionesha jinsi mfereji unavyoweza kuzungushwa nyuma ya vyumba, kando ya uzio, ukaungane tena na njia yake kule chini. Kwenye kikao alinisemea yeye mwenyewe. Chumba hakikuvunjwa. Nilichimba pamoja na vibarua, na Mwalimu Anjela nikamnunulia godoro na viatu kabla hajadai. Alikaa kwangu mpaka alipohamishwa, na aliyeingia chumba kile baada yake aliletwa na yeye mwenyewe.

Basi, mwanangu unayetaka kuwa mwenye nyumba, ubishi wako usiuache, ila ufikishe na kwa majirani. Kiwanja ulichokiona kiangazi, kakione tena mvua ikinyesha. Chumba usichoweza kulala wewe, usimpangishe mtu. Mpangaji akilowa, mtafutie kwanza pa kukaukia. Nani mwenye kosa mtajua baadaye. Na ukimkosea jirani, nenda kwake kabla kikao hakijakuita.

Mungu akujalie paa lisilovuja, wapangaji wanaokuaga wakicheka, na jirani wa upande wa juu kama Meku. Maji yapite kwako salama, yasiingie ndani.